Kiini cha Zamani

Asubuhi moja juma hili nilikuwa kwenye sekretaria ya Kampemba, kiduka cha kuchapa na kunakili, nikingojea fotokopi. Courant, yaani umeme, ilirudi, na mwenye duka, kama sisi wote hapa mjini, akaivamia kabla haijaondoka: akaanza mise à jour, kusasisha programu za kompyuta yake ya Linux. Courant ikakatika katikati ya kazi. Iliporudi tena, skrini ilikuwa nyeusi, na maandishi meupe yakisema kwamba kiini kipya cha mfumo, ile programu inayoiamsha mashine, kimeshindwa kuwaka.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja mchuuzi aliyekimbia vita vya Kivu. Foto pekee ya mwanawe, aliyepotea njiani, aliiacha katika kompyuta hiyo ili ichapwe. Baada ya hapo simu yake iliibiwa.

"Papa, mutoto wangu iko mule," alisema, akiweka kiganja juu ya mashine kama anayepima homa.

"Mama, usiguse!" mwenye duka akamzuia. Akazima, akawasha, akabonyeza kitufe mpaka yakatokea majina mawili: kiini kipya na cha zamani. "Ya zamani haiyafutwa," akanong'ona. "Tujaribu ile."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua, mashine ilikuwa imewaka, na mtoto alikuwa anacheka katika foto kwenye skrini.

Kumbe mashine haitupi cha zamani mpaka kipya kisimame! Wanaotubadilishia nchi hufuta cha zamani kwanza, ndipo hutafuta umeme wa kuwasha kipya.

Nilitaka kumwambia mama hekima yangu hiyo. Yeye alikuwa anaitazama balbu.

"Papa, chapa foto mbio," alisema, "mbele ya courant iende tena."