Fimbo Kubwa Kuliko Mimi

Krr-krr-krr. Kigurudumu cha mshipi wa kuvulia kikianguka kutoka juu ya kabati hulia kama panzi aliyemeza saa ya ukutani. Nilikuwa natafuta mwavuli tu. Mimi ni mtu wa ndani, nisikufiche. Kochi langu linanijua kuliko daktari wangu, na nikitoka kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Saint-Gilles, huku ughaibuni, ghorofa ya tatu, basi mkate umekwisha kabisa. Siku hiyo nilipovuta mwavuli, kigurudumu kikashuka nao, kikaviringika hadi chini ya meza, na nyuma yake ikaja harufu: mpini wa fimbo uliowahi kulowa, mpira wa mabuti ya zamani, tope la bwawa lililokauka zamani sana. Masikio yangu yakawaka moto. Mtu mzima, mama wa mtoto, nimesimama na mwavuli mkononi ndani ya sebule yangu mwenyewe, naona haya mbele ya kabati.

Ngoja nikueleze.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila likizo kubwa watoto wa mtaani kwetu waliandikishwa kwenye mafunzo ya wiki moja, ili wazazi waweze kwenda kazini bila kufikiria nyumba inaungua. Maman, mama yangu, alikuwa anasuka nywele za watu kule Ixelles, na siku ya kuandikisha alikuwa na kichwa cha mtu mikononi, nusu kimesukwa, nusu hakijasukwa. Huwezi kumwacha mtu hivyo. Alipofika, ngoma imejaa, kuogelea kumejaa, kuchora kumejaa. Akarudi na kilichobaki.

"Ni samaki," alisema, akivua viatu. "Banavua na nzi."

"Nzi gani?"

"Nzi ya uongo. Mi najua? Ni ile ao ubakie na tantine."

Tantine, shangazi yangu, alikuwa mtu wa kusali mchana kutwa. Nikachagua nzi.

Uvuvi wenyewe, kwa wasioujua, hauna mnyoo wala chambo cha kunuka. Unachukua ndoana ndogo kama kucha ya mtoto mchanga, iliyozungushiwa nyuzi na manyoya ya kuku mpaka ifanane na mdudu, unairusha juu ya maji kwa fimbo ndefu nyepesi, na samaki anadanganyika. Shule ya samaki haikuwa na fimbo za kutosha, kwa hiyo kila mzazi aliombwa amnunulie mtoto vifaa vya kuanzia, vya bei nafuu. Hilo neno la mwisho ndilo lililomwamsha Papa, baba yangu.

Lazima ujue jinsi vitu vilivyonunuliwa kwetu. Vilinunuliwa vikubwa. Koti langu la baridi lilikuwa na mikono iliyopita vidole; viatu vyangu vilikuwa na pamba mbele; sketi ya shule ilikunjwa kiunoni mara kadhaa nikaonekana kama nimevaa tairi. Ukilalamika, Papa alikuwa na jibu moja tu: "Utakomea." Yaani utakua. Hilo ni neno la kwetu Bukavu, na Papa alilitumia kama watu wengine wanavyotumia amina. Utoto wangu wote nilikuwa nayakimbiza mavazi yangu mwenyewe, na nilipoyafikia yalikuwa yameshachanika.

Tulianza kwenye duka la vifaa vya uvuvi la Etterbeek. Muuzaji alikuwa kijana mpole. Akatutolea sanduku moja lenye kila kitu, fimbo ya mita mbili na nusu, kigurudumu, mshipi, vyote vya namba ileile, vinavyoelewana, na akaeleza kwamba mwanafunzi hahitaji kigurudumu cha fahari, maana kazi yake ni kutunza mshipi tu; kama una pesa ya ziada, iweke kwenye mshipi, kwa sababu nzi haina uzito, ni mshipi unaoibeba. Nikaishika ile fimbo. Ilinikaa mkononi kama kijiko. Nikaipenda palepale.

Papa akauliza bei ya mwisho. Kijana akamwonyesha karatasi iliyobandikwa.

"Hiyo ni bei ya kwanza," Papa akasema kwa Kifaransa chake cha shule ya mapadri, taratibu, kama anamsaidia. "Mimi naomba ya mwisho."

Watu wawili wakageuka. Nikajificha nyuma ya suruali za mpira zilizotundikwa, nikabaki humo kama mzimu. Papa akanifuata, akaninong'oneza: "Banauzisha hewa hapa. Eti uzito iko mu kamba! Na ile fimbo, mwaka kesho itakuwa ya kukorokea chai."

Tukaenda soko la vitu vilivyotumika, Jeu de Balle, ambako bei ya mwisho inajulikana maana yake. Mzee mmoja alikuwa ametandika blanketi, na kati ya vyungu vya maua na saa zilizokufa kulikuwa na mfuko mrefu wa kitambaa. Ndani yake, fimbo ya vipande vitatu. Papa akaviunga, akaisimamisha. Ikagusa turubai ya jirani. Mita nne na zaidi! Ilikuwa ya mikono miwili, ya kuvulia samaki wakubwa kwenye mito mipana ya kaskazini, lakini hayo niliyajua baadaye.

"Papa, ni kubwa."

"Ni wewe njo mudogo." Kisha akamgeukia mzee: "Atakua." Mzee akaitikia kwa kichwa kama aliyezaliwa Kadutu, kulekule kwetu Bukavu, akaongeza kigurudumu bure.

Jumatatu nikapanda tramu na mfuko ulionipita urefu. Wazee walinipisha, wakidhani nabeba bomba la maji. Kwenye basi la mafunzo kijana mmoja mwenye madoadoa usoni akauliza kama tunaenda kuvua nyangumi, na kuanzia hapo nikawa Nyangumi. Mwalimu wetu, Madame, mwanamke mwembamba mwenye kofia iliyojaa nzi, aliitazama fimbo, akanitazama mimi, akaniazima ndogo ya kwake. Ile ya Papa nikaisukuma chini ya viti vya basi. Ilikaa huko wiki nzima. Kila jioni Papa aliuliza, "Fimbo inafanya kazi?" nami nikajibu inafanya. Ilikuwa kweli, sikusema ipi.

Na nisijisifu sana, lakini nilikuwa najua. Mshipi wangu ulitoka taratibu, ukatua juu ya maji kama mama anavyotandika shuka. Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi, kila mtoto arushe mbele yao, pale bwawani. Nilichoomba kwa Mungu kilikuwa kimoja: nirushe kwa fimbo ya Madame, watu wapige makofi, Nyangumi afe, twende nyumbani.

Papa akaja na suti ya kanisani. Maman akaja na bugali umefungwa ndani ya kitambaa, wa kulia samaki. Madame alipomshika mmoja, akamwonyesha kila mtu, kisha akamrudisha majini, nikamsikia Maman: "Anamurudisha? Sasa alimuitia nini?"

Zamu yangu ikafika. Nikarusha. Vizuri. Makofi yakaanza, lakini Papa hakupiga. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

"Zawadi," akaniita, "fimbo yako iko wapi?"

Nikaishusha fimbo ya Madame. "Iko kwa basi, Papa."

Akaenda. Tukamsubiri wote, wazazi, watoto, bata. Akarudi, akaunga vipande kimoja kimoja, akafunga kigurudumu, akapitisha mshipi wenye ndoana, akapangusa vumbi kwa leso, akanipa. Madame akasema polepole kwamba si lazima. Nikamtazama Papa. Uso wake ulikuwa na tumaini jinga kabisa, kama mtu aliyeleta keki. Nikaishika kwa mikono miwili, nikavuta nyuma kwa nguvu zangu zote, nikahisi kitu kizito kimenasa. Nikadhani mti. Nikavuta.

Ulikuwa mgongo wa suti.

Papa alikuja kwangu kinyumenyume, hatua fupi fupi, kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni. Watu walicheka mpaka bata wakaruka. Na yeye, ndoana ikiwa bado mgongoni, akawageukia akicheka kuliko wote, akatangaza kwa Kifaransa: "Atakua! Mtaona, atakua!" Nilitazama mabuti yangu, ambayo nayo yalikuwa makubwa. Nilitamani nizame humo humo.

Kwenye tramu alisimamisha mfuko kando yangu, akaweka kiganja kichwani kwangu, akapima. "Bado kidogo," akasema. Nikahamia kiti cha nyuma.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho cha ubahili. Kisha nikapata mimba, nikanunua vinguo vidogo vidogo, na Maman akanicheka: "Baba yako angenunua ya miaka mbili." Halafu, akivikunja, akasema kama anayezungumzia hali ya hewa: "Ule mwaka wa samaki hatukujua kama Noeli itatukuta hapa." Karatasi zetu za kuomba kuishi nchi hii zilikuwa bado hazijajibiwa. Ndipo nikakumbuka: madirisha yetu hayakuwa na mapazia, ni mashuka tu, masanduku hayakuwahi kupanda juu ya kabati, Maman alinunua sukari ya wiki, vikombe vya idadi yetu tu. "Ngoja kwanza tujue," alisema kwa kila kitu. Katika nyumba ile mtu mmoja tu alinunua vitu kana kwamba mtoto wake atakulia hapa, na mtoto huyo alikuwa amejificha nyuma ya suruali za mpira.

Sikukua sana, kwa taarifa yako. Papa akija Jumapili huitazama fimbo juu ya kabati, kisha hunitazama mimi, na kwa heshima ya umri wangu hanyanyui kiganja.

Kigurudumu kilipoanguka, binti yangu Naomi ndiye aliyetambaa chini ya meza kukitoa. Akakizungusha, krr-krr, akataka kujaribu. Kwa hiyo juzi nimetoka nyumbani, ajabu yenyewe, tukaenda dukani. Muuzaji akaleta sanduku moja lenye kila kitu, fimbo ya mita mbili na nusu. Ikamkaa Naomi mkononi kama kijiko. Nikafungua mdomo niseme asante, tunaichukua.

"Hamna kubwa kidogo?" nikasikia sauti yangu ikisema. "Atakua."

"Maman, je t'en prie," Naomi akanisihi kwa kunong'ona, na masikio yake yakawaka.

Sanduku dogo tukalinunua. Lakini mabuti nimechukua namba mbili juu.