Eliamani alinishusha njia panda ya Njoro

Jana asubuhi nilipigiwa simu kutoka Naivasha nikaambiwa Eliamani ameenda. Niliweka simu mezani, na mpaka saa hii akili yangu inakataa.

Tumejuana tangu miaka ya hamsini. Wengi wenu mnaonifuata hapa hamkumjua, kwa hivyo wacha niwaambie.

Alikuwa Mpare wa Same, Tanganyika. Alikuja Nakuru kwa kazi ya kuchanja ng'ombe katika idara ya mifugo, akawekwa team moja na mimi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, yeye ishirini na mbili.

Hapa hakuwa na mtu wa kwao hata mmoja. Alikuwa na godoro, Biblia, na pikipiki ya idara, ya kijani, yenye nambari iliyoandikwa kwa mkono kwa rangi.

Hiyo pikipiki ilitupeleka Njoro, Molo, mpaka Olenguruone. Yeye mbele, mimi nyuma nimekumbatia boksi la chanjo. Mvua ikinyesha Mau tulisukuma kuliko kuendesha.

Maisha yake yote yalipanda hiyo pikipiki. Kanisani, sokoni, kwa kinyozi. Siku moja alibeba kitanda cha chuma kutoka mjini, mimi nikatembea nyuma nikiokota spring.

Kiswahili chake kilituchekesha. Sisi tunasema lete maji, yeye anasema naomba unisaidie maji. Kazini walimwita Padre.

Kisha Jumanne moja telegramu ikafika. Mama yake amefariki, mazishi ni Alhamisi.

Alienda kwa bosi kuomba leave. Bosi akamwambia kuna ugonjwa wa ng'ombe Olenguruone, angoje wiki ijayo. Hata angepewa ruhusa, treni ya kuzunguka hadi Same haingemfikisha kwa wakati.

Tukapanda pikipiki kama kawaida. Tulipofika njia panda ya Njoro akasimama, akazima engine.

"Barasa, naomba ushuke na boksi," akasema. "Mimi naenda kumzika mama."

Nikamwambia watamfuta kazi. Akasema anajua. Nikamwambia hata mimi wanaweza kunifuta. Aliangalia chini kidogo, halafu akageuza, akachukua njia ya Naivasha.

Nilikasirika sana, sitaficha. Nilikalia boksi hapo kando ya barabara mpaka lori lililokuwa likirudisha mikebe ya maziwa likanibeba. Olenguruone nilichanja peke yangu siku tatu.

Zilikuwa siku za Emergency, wakati wa vita vya Mau Mau, vizuizi vya polisi kila mahali. Baadaye alinieleza kwamba waliona shati la kaki na pikipiki ya idara, wakampungia mkono apite. Nairobi, Namanga, Arusha, Moshi.

Alifika Same Alhamisi jioni. Walikuwa wamemzika mchana. Udongo ulikuwa bado mbichi.

Alikaa kando ya kaburi mpaka jua likazama, akalala kwa dada yake, na asubuhi akageuka kurudi. Dada yake alimsihi akae hata siku moja. Alimwambia pikipiki si yake.

Mimi nilirudi ofisini Ijumaa, bosi akaniuliza Eliamani yuko wapi.

Ningesema anaumwa. Ningesema pikipiki imekwama huko Mau. Nilisema ukweli, na niliposukumiwa karatasi niandike report, niliandika yote nikatia sahihi.

Niliogopa. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, karibu kustaafu, na nyumbani kulikuwa na wadogo zangu watano.

Eliamani alirudisha pikipiki Jumatatu asubuhi. Alikuwa ameiosha. Bosi akamsomea report yangu mbele ya karani, akamfuta kazi, akamwambia saa sita isimkute kwenye nyumba ya idara.

Jioni nilipotoka kazini nilimkuta mlangoni kwangu, amekalia godoro lake.

Nikamwambia ile report ni mimi niliandika. Akasema amesomewa. Kisha akauliza kama kuna chai.

Alikaa kwangu miezi saba. Hatukuongea tena juu ya hiyo karatasi.

Akajifunza kutengeneza pikipiki kwa fundi mmoja Mhindi pale mjini. Akapata mzoga wa pikipiki, akaufufua, akahamia nao Naivasha. Baada ya muda, kila mwenye pikipiki kule ziwani alikuwa mteja wake.

Alioa huko. Mkewe Tabitha alipokaribia kujifungua, alimpeleka hospitali kwa pikipiki, akaendesha polepole mpaka watu wa baiskeli wakampita. Walirudi nayo watatu.

Kwao alienda kutembea tu. Alikuwa akisema huko Same anajulikana kama Mkenya, na hapa tunamwita Mtanganyika, basi ameamua kukaa penye wateja.

Mwaka juzi nilimtembelea. Wazee wawili, hakuna anayesikia vizuri. Nikamuuliza kwa nini hakunichukia wakati ule. Ilibidi niulize mara mbili.

Akasema, "Nilikuacha barabarani bila kukuuliza. Na ungewadanganya, wangetufuta wote wawili. Sasa mimi ningelala kwa nani?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anamaanisha.

Nilitaka kumwomba msamaha siku hiyo. Nilipokuwa bado natafuta maneno, akawa ameshaanza habari ya mahindi yake na panya.

Basi nasema sasa. Samahani, Eliamani. Ningeweza kungoja hata siku mbili kabla ya kuandika.

Na asante kwamba, ulipokuwa huna pa kwenda, ulikuja kwangu.

Pumzika vyema, ndugu yangu.