Kamba Kiunoni mwa Mdogo Wangu

Likizo ya mwezi wa sita mimi na mdogo wangu wa miaka minane tuliiacha baridi ya Ihanda, tukashukia kwa mjomba bondeni Momba, karibu na Ziwa Rukwa. Mjomba akatukabidhi kwa mzee mmoja, baharia wa zamani wa meli za Ziwa Nyasa, atutembeze kwa mtumbwi. Sikumpenda tangu salamu. Shikamoo yangu aliiitikia huku macho yake yako kwa mdogo wangu.

"Huyu ndiye kitindamimba?"

"Ndiyo, babu."

Akamfunga kamba kiunoni, fundo likakaa mgongoni, ncha ya pili akaifunga kwenye mtumbwi. Mimi hakunifunga. Kisha akatoa unga wa mahindi mfukoni, akaurusha majini akinong'ona. Nyumbani tulionywa kila siku kuhusu watu wanaotafuta watoto wa kafara, na huyu nilimwona amekwisha kuchagua wake. Mama alikuwa amenishika bega stendi akaniambia, "Mwenzio nimekuachia wewe."

Tulipoingia kwenye matete, mzee alisimama mbele akisukuma mtumbwi kwa upondo mrefu, ametugeuzia mgongo. Nikajisogeza, nikalifungua lile fundo. Nilijiona mwanaume kweli kweli.

"Akikushika, piga kelele," nilimnong'oneza mdogo wangu.

Hakuna aliyemshika. Kiboko aliibuka ubavuni, mtumbwi ukalala upande, mdogo wangu akatumbukia. Mzee aliivuta kamba kwa nguvu zote, ikaja tupu. Akajitupa majini na nguo zake. Mimi mtoto wa mashamba ya kahawa, kuogelea sijui, nililia tu. Alipoibuka alikuwa amemshika ukosi wa shati. Nikamvuta ndani, akatapika maji, akamwita mama.

Mzee alipanda mtumbwini.

"Nani kafungua?"

"Kafungua mwenyewe, babu."

Mdogo wangu alinitazama. Mzee akamgeuza taratibu, akaweka kidole pale mgongoni.

"Mkono wake haufiki hapa," alisema. "Kamba ninayo moja. Nikampa mdogo, kwa kuwa ninyi wa milimani maji hamyajui."

Kurusha ule unga, mjomba alinieleza baadaye, ndivyo wazee wa pale wanavyoomba safari njema. Nina aibu mpaka leo. Wakati wa kurudi mzee alihamia nyuma kabisa na upondo wake, akamkalisha mdogo wangu miguuni pake, mimi akaniweka mbele peke yangu. Kila nilipogeuka, alikuwa ananitazama.