Ukuta Alioupaka Yeyo

Juzi mvua ilinyesha Karatu mchana kutwa, na jioni harufu ya samadi mbichi ikaingia chumbani kwangu kupitia ufa ulio juu ya kitanda. Jirani anafuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Mpangaji mwingine angeziba pua. Mimi nilisogeza uso karibu na ufa, nikavuta pumzi, nikajikuta nalia, kisha nikaenda kuhakikisha kwamba mlango nimeufunga, nisije nikaonekana. Ndivyo nilivyo. Hata maneno haya nimeyafuta na kuyaandika upya mpaka karatasi imechanika.

Nilizaliwa upande wa Olbalbal, ndani ya hifadhi ya wanyamapori, katika nyumba aliyoijenga yeyo, yaani mama yangu. Kwetu Wamasai nyumba ni kazi ya mwanamke, na ni yake. Yeye hukata fito, huzisuka, hukandika samadi iliyochanganywa na majivu, na mvua ikipasua ukuta huziba yeye mwenyewe kabla jirani hajaona. Baba alikuwa akiinama mlangoni na kusubiri aonyeshwe pa kukaa. Nilidhani duniani kote wanaume hukaribishwa tu.

Kulikuwa na masika ambayo yeyo alichoka kupanda juu ya paa kila mara kuziba. Akauza mbuzi, akanunua mabati Karatu, tukapanda nayo lori la mahindi kurudi nyumbani. Kwenye geti la hifadhi yakashushwa. Askari alimweleza kwa upole, akitumia neno "shikamoo" kabisa, kwamba ndani ya hifadhi hatuna ruhusa ya kujenga nyumba ya kudumu, na kwamba kwenye ardhi ile tunaishi tu, si mali yetu. Yeyo alitaka kujua kama mvua nayo imeambiwa hivyo. Askari akacheka, naye yeyo akacheka, na mabati yakabaki yameegemea ukuta wa geti.

Baadaye aliamua nisome mjini, kwa kuwa shule yetu ya kijijini ilikuwa na walimu wa kuja na kuondoka. Baba akabaki na ng'ombe, sisi tukashuka Karatu kutafuta chumba. Mlango mmoja ulikuwa na kibao kilichosema chumba kinapangishwa. Mwenye nyumba alitazama shuka ya yeyo, shanga zake, masikio yake, akasema kimechukuliwa asubuhi. Kwa jirani yake ikawa hivyo hivyo. Kati yetu mimi ndiye niliyejua kusoma, kwa hiyo nilimweleza yeyo kwamba watu wa mjini ni wasahaulifu, wanapangisha vyumba halafu hawaondoi vibao. Hakunibishia.

Aliyetupokea ni Mama Paulina, Mwiraqw mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa na shamba Qurus, na ng'ombe wa maziwa uani. Aliuliza kama mtoto anasoma. Alipoambiwa ndiyo, akatoa ufunguo. Masharti yake yalikuwa tusiwashe moto ndani na tusilete wageni wenye fimbo. Nilimpenda papo hapo. Alikuwa akinipa maziwa kwenye kikombe chenye maua, na yeyo alikuwa akimfulia mapazia bila kuombwa.

Yeyo aliuchunguza ukuta wa saruji kwa vidole siku nzima. Akaniuliza ni nani aliyeujenga. Nikasema bila shaka fundi, mwanamume.

"Ndiyo maana umepasuka," akasema, na tukacheka mpaka tukalala.

Ni kweli ulikuwa umepasuka, karibu na kichwa changu. Mvua zilipoanza maji yakapenya, godoro likalowa, nikaanza kukohoa. Yeyo alimwambia Mama Paulina, naye akasema fundi atakuja. Yeyo akamwambia tena. Fundi alikuwa bado anakuja. Nilimwona yeyo akiutazama ule ufa kama mtu aliyeachiwa aibu sebuleni. Mwanamke anayelala ndani ya ukuta uliopasuka, akingoja mtu mwingine auzibe, kwao hana jina zuri.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta ukuta mzima. Yeyo alichota samadi ya ng'ombe wa Mama Paulina uani, akachukua majivu ya jikoni, akakandika ufa wote, akausawazisha kwa kiganja hadi ukawa laini. Hapakuwa na alama ya kidole. Mimi ninayepima kila kitu kwa macho sikuona kasoro, na hadi leo sijaona kazi safi kuliko ile. Nilikimbia kumwita Mama Paulina, nikidhani atafurahi.

Alisimama mlangoni.

"Mama Nashipai," akamwita yeyo kwa jina langu. "Umepaka mavi kwenye nyumba yangu."

Yeyo akamwambia kwamba ameziba, kwamba maji hayataingia tena, aguse tu aone. Mama Paulina hakugusa. Alisema watu walimwonya asiwapangishe Wamasai, yeye akatutetea, akasema hawa wana mtoto wa shule. Hakupaza sauti. Kile kikombe chenye maua alikuwa nacho mkononi, maziwa yangu yakiwa ndani, na nilikuwa nikikitazama hicho nisije nikamtazama usoni.

"Nendeni mkajenge kwenu," akasema.

"Kwetu tumekatazwa kujenga," nikasema mimi.

Mama Paulina akaguna. "Nani duniani anakatazwa kujenga kwao?"

Hakuwa akitania. Aliuliza kweli, akasubiri jibu. Mpaka dakika ile nilidhani mabati hushushwa kwa kila mtu, kwamba kila geti lina mabati ya watu yameegemezwa. Kumbe yeye huko Qurus alijenga alipotaka, kwa alichotaka, na hakuwahi hata kusikia kwamba kuna watu hawawezi. Nikamgeukia yeyo anijibie, naye alikuwa akijifuta mikono kwenye shuka.

Tulitakiwa kuondoka. Kabla ya kuondoka yeyo aliubandua ukandiko wote, polepole, akausugua ukuta kwa maji mpaka ufa ukaonekana kama tulivyoukuta. Tukarudi Olbalbal. Shule ikaishia hapo. Mengine nimejifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari na vitabu walivyoacha watalii.

Kwa miaka mingi niliamini alibandua kwa hasira. Sasa nadhani alikuwa akiondoa kitu kilichokuwa chake. Alipoziba, alikuwa ameanza kuhesabu kwamba pale ni kwake, na huo ndio ukaaji pekee anaoujua.

Huku nilikopanga sasa, mwenye nyumba aliniuliza kabila kwenye simu kabla ya jina. Kuhusu ufa wangu, amesema fundi atakuja. Samadi iko hapo nje na majivu ninayo, na mikono yangu inajua. Ufa nimeuacha, nimehamisha kitanda.