Ukuta Ulioota Ndevu

Nakumbuka Koboko ya utoto wetu, huku mpakani Uganda, miaka ile ya themanini watu walipokuwa wakirudi kutoka Zaire walikokimbilia vita. Tulitoka kwenye vibanda vya nyasi vilivyokaushwa na moshi wa kuni, tukaingia nyumba ya matofali na mabati, tukajiona matajiri. Watoto wa siku hizi hununa wakilala wawili kitanda kimoja. Sisi tulilala watatu kwenye godoro moja na bado tulilisifu.

Baba alikuwa askari zamani, na hofu ya vita ilikuwa haijamtoka. Dirisha pekee la chumba chetu aliliziba kwa matofali.

"Mutu akipita, hakuna kitu ya kuona," alisema.

"Na hewa, Baba Juma, nayo iko mwizi?" mama akamuuliza, akimwita kwa jina langu.

Baba aliendelea kupanga matofali. Alikataza hata kuanika godoro nje, watu wasije wakajua tuna nini. Nguo mbichi tulizitundika chumbani. Mvua zilipoanza, ukuta wa nyuma ya kitanda ukashika ukungu mweusi, wenye manyoya. Mama alisema ukuta umeota ndevu. Sisi tulifurahi, tukaandika hesabu juu yake kwa kidole. Tukikosea, tulifuta kwa ufagio mkavu. Vumbi likaruka, tukapiga chafya na kucheka. Mdogo wangu Zubeda, wa miaka minne, ndiye aliyelala upande wa ukuta.

Kabla ya Idi baba alipaka chokaa. Wageni wakasifu. Baada ya wiki chache ndevu zikarudi, na Zubeda akaanza kupumua kwa mluzi, mbavu zikibonyea. Mama alimbeba mgongoni, tukapanda lori hadi hospitali ya Arua.

Muuguzi alimpa dawa mpaka kifua kikatulia, kisha akauliza, "Mtoto nalala wapi?" Mama akaeleza yote.

"Kifua yake haiwezi ile vumbi ya ukungu," muuguzi akasema. "Dawa nasaidia, lakini mukimurudisha pale, mutarudi hapa. Fungua nyumba. Anika kitu yote. Osha ukuta na sabuni, musifagie kavu. Chokaa nafunika tu."

Tuliporudi, baba alisikiliza huku akimtazama Zubeda. Akachukua nyundo. Alipotoa tofali la kwanza alisimama, akachungulia barabara kwa muda mrefu.

"Endelea, Baba Juma," mama akasema. "Wakikuja, watukute tunapumua."

Akaendelea. Kesho yake godoro lilikuwa uani, wazi kwa kila mpita njia, na baba ameketi kando yake, panga magotini, hadi jioni. Mluzi wa Zubeda ulipungua polepole, ingawa majira ya mvua humsumbua hadi leo, naye ni mama wa watu. Mimi bado huwaza ule ufagio nilioushika mwenyewe.

Sasa nimepanga chumba Arua. Vijana wa hapa chumba kikinuka unyevu hupuliza marashi, wakaridhika. Kwa jirani madirisha hayafunguliwi, na kila asubuhi nasikia mtoto akikohoa. Enzi zile mama yangu angeingia tu, akaanza kusogeza kitanda cha watu, na hakuna ambaye angemshangaa. Mimi, na digrii yangu, wiki ya pili hii nasimama mlangoni pao nikipanga maneno. Leo angalau nimebisha hodi.