Komeo la Stoo

Paka wetu alianza kunywa maji kupita kiasi tulipokuwa tukivuna mahindi ya masika. Mwanzoni nilidhani ni joto. Kisha asubuhi moja nikamkuta uani analamba bomba lililofungwa, mbavu zake zikihesabika, nikajua kuna jambo limeingia nyumbani kwetu.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Mama aliniletea kutoka kwake Misima, ndani ya kikapu, mwezi uleule nilioachika nikapanga nyumba hii ya Kwamndolwa. Alisema siwezi kulala peke yangu na panya. Hatukumpa jina, ila kwa kuwa tangu udogoni alikuwa na uso wa mtu aliyekerwa, nilimwita Mzee. Siku moja mteja aliyekuja kupima gauni alinisikia nikisema, "Mzee, njoo ule," akatoa shikamoo kabla hajachungulia. Nilicheka siku mbili, na miaka ile sikuwa mtu wa kucheka.

Miguu ilipomchosha mama, naye akahamia kwangu. Tukawa watatu.

Nilimwita bwana mifugo. Kazi yake ni ng'ombe na mbuzi, na nilimwona anajizuia kucheka alipoona mgonjwa mwenyewe. Lakini alimpapasa tumbo polepole, akamfunua mdomo, na uso wake ukabadilika.

"Ni figo hizi, dada. Na uzee. Kumponya siwezi. Mpe maji muda wote na mchuzi wa dagaa usio na chumvi, mtafutie mahali pakavu, patulivu. Akiendelea kula, mnaweza kufika naye mvua za vuli."

Sikuomba zaidi ya hapo. Nilichotaka ni kimoja tu: afe mbele ya macho yangu, juu ya kanga yangu, asiende kufia kichakani peke yake. Nilishaachwa mara moja bila kuagwa, na sikutaka kurudia.

Ndipo mama akanitia hofu. Huko alikokulia waliamini kwamba paka mzee akihisi siku zake zimekwisha, huondoka ili asiwaachie watu wa nyumbani kifo chake. "Uangalie mlango, mwanangu," aliniambia. "Ukimwona anaukwangua, ujue anaaga." Siku hiyohiyo alasiri paka hakuonekana. Nilimkuta mpakani mwa shamba la jirani, amelala kwenye mabua makavu, ananitazama kama hanijui. Nilimbeba hadi nyumbani huku nikimgombeza.

Wiki hiyohiyo mahindi yetu yakafika kutoka shamba la mama kule Misima. Mwaka uliotangulia dumuzi, wale wadudu wanaogeuza punje kuwa unga, walinimalizia magunia matatu, na hasira yangu ilikuwa bado mbichi. Tuliyamwaga kwenye turubai, nikanyunyiza dawa ya vumbi, nikageuza kwa chepe. Muuzaji alikuwa amenieleza kipimo vizuri. Nilipima, nikatazama, nikaona ni kidogo mno kwa adui ninayemjua. Nikarudia.

Mama alipiga chafya. "Unatia dawa au unapaka chokaa?"

"Mwaka huu hawali," nikamjibu.

Magunia yakaingia stoo. Na stoo ndiyo ilikuwa chumba cha Mzee. Miaka yote alilala juu ya magunia akilinda mahindi, na hata sasa, akiwa hawezi kukamata hata panzi, alipapenda. Palikuwa na kidirisha chenye wavu, na mlango wa mbao wenye komeo kwa nje. Pakavu, patulivu. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni kwenye cherehani yangu, nilimlaza juu ya gunia la juu kabisa, nikamwekea maji na mchuzi, nikasukuma komeo. Mama nilimwambia akienda kuchota mahindi ahakikishe hatoki.

Siku ya kwanza alilia kidogo. Siku ya pili akaanza kukwangua mlango. Nilisimama upande huu na mkoba wangu mkononi, nikisikiliza kucha zikipita kwenye ubao. Yametimia, niliwaza. Nikainama nikamwambia kupitia mlangoni, "Huendi popote, Mzee."

Nikaenda kazini.

Siku ya nne udenda ulianza kumtoka. Miguu ya nyuma ikawa inatetemeka. Mchuzi hakuugusa. Nilimfuta mdomo kwa kitambaa nikijiambia ndizo figo, ndivyo zinavyomaliza. Mama alilalamika kichwa kila alipotoka stoo. Mikono yangu ilinuka dawa hata nikishona, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nauza za mashambani. Kila kitu kilikuwa kinaniambia, nami macho yangu yote yalikuwa kwenye komeo.

Siku ya sita bwana mifugo alikuwa akipita kuchanja mbuzi mtaani kwetu, akaingia kumjulia hali mgonjwa wake. Alimwamkia mama, nikampeleka stoo. Nilipofungua, alisimama kizingitini. Hakuingia.

"Yuko humu tangu lini?"

Nikamwambia. Alinyoosha mkono, akampitisha paka kidole mgongoni, akanionyesha. Kidole kilikuwa cheupe. Akamgeuza nyayo. Nyeupe.

"Dada, paka hujilamba," alisema.

Hakupaza sauti. Ningependa angenifokea. Nilitazama chini nikaona alama za kucha, na zote zilikuwa chini kabisa, pale ubao unapoachana na sakafu na hewa ya nje hupita. Mahali alipokuwa akibandika pua palikuwa na udenda uliokauka. Hakuwa anaaga. Alikuwa anatafuta pa kuvutia pumzi, na mimi nikimjibu kwamba haendi popote.

Tulimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Bwana mifugo alimchoma sindano, akasema angekuwa kijana angekuwa na matumaini. Nililia mbele yake bila aibu. Mama hakusema neno kuhusu milango tena.

Cherehani niliirudisha nyumbani, nikaiweka ukumbini, na kanga yangu nikamtandikia kando ya ukuta. Nilifungua mlango wa mbele, wa uani, na geti. Kama anataka kwenda, niliona sina haki tena ya kumzuia. Siku nzima nilishona suruali za shule huku nikiinua macho kila aliposogeza sikio.

Kesho yake mchana aliinuka. Aliyumba, akajiegemeza ukutani, akasimama. Mlango wa uani ulikuwa mbele yake, hatua nne tu, na jua likiingia hadi miguuni pake. Aligeuka, akaja taratibu akikokota miguu ya nyuma, akapita chini ya meza ya cherehani, akalala juu ya mguu wangu, ule ninaokanyagia pedali.

Niliacha kushona. Nilimsikia anavuta pumzi, akatulia, akavuta tena. Halafu sikusikia kitu.

Mama aliuliza kutoka jikoni mbona cherehani imenyamaza.