Sweta ya Mamangu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliulizwa mabega ya mamangu yana upana gani, nami nikajibu bila kusita, na mamangu alikuwa amezikwa siku nane kabla.

Ngoja nianze vizuri. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, nina miaka ishirini na sita, naishi huku Uingereza, chumba cha juu mtaa wa Sparkbrook, na kazi yangu ni kutunza wazee huko Sutton Coldfield. Sisi Wakenya tulisali Perry Barr, katika ukumbi wa kanisa la Waingereza, saa nane mchana, wenyewe wakishamaliza ibada yao. Mtu akifiwa nyumbani tulikwenda kwake kukaa matanga, na mimi ndiye nilikuwa nasimama kusema ni mapenzi ya Mungu, tushukuru kwa yote. Nilisema vizuri sana. Watu walinisifu.

Kisha mamangu akaugua, huko nyumbani Wundanyi, milimani. Kila Jumapili kanisa likamwombea kwa jina, mama yetu Eliza. Asubuhi moja niko kituo cha basi, kaka yangu Mwakio akapiga simu kuniambia mama ametuacha. Pasipoti yangu ilikuwa ofisi ya uhamiaji mwezi wa tano sasa. Sikuweza kusafiri. Mazishi niliyasikiliza kwa simu, Mwakio ameiinua karibu na kaburi, nasikia upepo na udongo ukimwagwa, halafu kadi ya simu ikaisha kabla ya wimbo wa mwisho.

Nilimkasirikia Mungu. Ndiyo, nasema hivyo hivyo. Nilikuwa nimefunga na kuomba miezi mitatu, ndiyo anijibu namna hiyo?

Kesho yake baada ya mazishi, Jumapili, nilikwenda kanisani nikiwa nimeamua kuwaambia. Mlangoni nikakutana na Mama Damari, mjane mzee wa Nyeri aliyeletwa na bintiye kulea wajukuu. Akaniuliza, "Mama anaendeleaje?" Akilini nikawaona wote wamenizunguka, na mmoja wao anasimama kunirudishia maneno yangu mwenyewe. Nikasema, "Anaendelea vizuri, mama."

Basi wakaendelea. Mamangu yuko udongoni, kanisa zima linaomba apone, nami nimesimama katikati yao, macho nimefumba, midomo inacheza, moyoni hakuna kitu. Niliimba kwa sauti kuliko wote, kisha nikatoroka kabla ya chai.

Jumapili ya pili Mama Damari akaja na utepe wa kupimia. "Milima ya kwenu ina baridi. Nataka kumfumia mamako sweta. Mabega yake ni kama yangu au kama yako?"

"Kama yangu," nikamwambia.

Wiki ya saba, ibada imekwisha na watu wangali ukumbini, akaileta, ya kijani, imekunjwa ndani ya mfuko wa duka. Kulikuwa na mtu anayesafiri kwenda nyumbani. "Ijaribu wewe kwanza, tuone." Nikaivaa. Ilinikaa sawasawa. Nikaketi sakafuni, nikasema, "Alikufa, mama. Alikufa kitambo."

Hakunifokea. Alijishusha polepole, na magoti yake yale mabovu, akaketi kando yangu.

"Kila Jumatano nimefunga kwa ajili yake," akasema. "Kwa nini, Wakesho?"

"Niliogopa mtaniambia ni mapenzi ya Mungu."

Akanishika mkono. "Mimi nimezika mume na watoto wawili, na sina neno hata moja. Ungeniita nikae tu. Umejinyima matanga ya mamako, mtoto wangu. Hilo ndilo linaloniuma." Halafu akauliza, "Na Mungu umemwambia?"

"Hatusemezani."

"Basi mwambie hivyo. Huyo si mgeni, eti utandike kitambaa kwanza."

Nikamwambia, pale pale sakafuni. Bwana, nimekukasirikia, mamangu amezikwa bila mimi. Sikuwa na zaidi. Wote waliokuwepo wakaitikia amina, wakavuta viti, tukakaa matanga. Hakuna aliyehubiri. Mzee mmoja Mwingereza, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga ukumbi, akatukuta tungali tunalia. Akatia funguo mfukoni, akaketi nyuma.

Pasipoti ilirudi mwaka wa tatu. Nilipofika Wundanyi nyasi zilikuwa zimeshalifunika kaburi, Mwakio akanionyesha kwa kidole mahali pa kichwa. Nilikuwa nimebeba sweta nimwachie. Ikanishinda, nikarudi nayo. Hata leo, nikikumbuka ule wimbo ambao sikuusikia, nalia.

Sasa, mwanangu, nimekuona Jumapili tatu. Unaimba kuliko wote, chai huingoji, ukiulizwa, unasema uko sawa. Sijui ni nini, na sikuulizi. Ila usidhani uaminifu ni kujikaza. Mimi nilijikaza wiki saba, nikawa mbali na Mungu kuliko nilivyowahi kuwa, na huku nimesimama kanisani. Mwambie ukweli, hata ukiwa mchungu, hata ukiwa ni hasira tupu. Mkristo aliyekasirika na bado anasema na Mungu wake, huyo hajaanguka. Na watu wako usiwanyime nafasi ya kukaa nawe.

Jumapili hii usikimbie. Nitakuwa kiti cha nyuma karibu na mlango, nimevaa sweta ya kijani, na sitakuwa na la kusema. Mungu aliyenisikia nikiwa na hasira akusikie na wewe. Akufute machozi, mwanangu, ila akuache ulie kwanza.